Wimbi lako mwenyewe kwenye jenereta ya mawimbi: faili halina muda wala volti ndani yake

Mtu akipata jenereta ya mawimbi yenye kitufe cha Arb (arbitrary, yaani wimbi la umbo lolote) kitu cha kwanza anachotaka ni kutoa umbo lake mwenyewe, sio sain wala mraba, anakaa kwenye kompyuta analichora vizuri, analipakia, halafu kwenye oskiloskopu kinatokea kitu kingine kabisa: kilele kimekatika, kona zimelainika, volti ni mara mbili ya alichotaka, au masafa hayaeleweki yametoka wapi. Hapo anaanza kuishuku mashine. Mara nyingi mashine haina shida yoyote, imefanya kile ilichoambiwa, shida iko kwenye kile tunachodhani kimo ndani ya faili. Kwa hiyo naliweka hili mwanzo kabisa maana yote yanayofuata yanalitegemea: faili la wimbi ni orodha ya namba tu. Hakuna sekunde ndani yake, hakuna volti ndani yake. Muda unaletwa na kloki ya jenereta, volti zinaletwa na amplitudo (kimo cha wimbi) na ofseti (kiasi wimbi lote linavyopandishwa au kushushwa) ulizoseti, na faili lenyewe linabeba umbo peke yake.

Ukilishika hilo nusu ya matatizo unayaona yanakuja kabla hayajafika.

Ndani ya mashine njia ni fupi. Kuna memori yenye jedwali la namba, kuna kloki inayoamua namba ipi isomwe sasa hivi, kuna DAC inayogeuza namba kuwa volti ndogo, kuna filta inayolainisha vingazi vinavyoachwa na DAC, halafu amplifaya na atenueta za kukuza au kupunguza mpaka ulichoomba, mwisho rezista ya 50 omu na soketi ya BNC. Hata ile sain ya kawaida kwenye mashine za kisasa inatoka njia hiyohiyo, ni jedwali ambalo kiwanda kimekuwekea tayari. Zile za analogi za zamani zilikuwa kitu tofauti, zilikuwa zinachaji kapasita na kuitoa chaji kwa mkondo usiobadilika, hapo inapatikana pembetatu, kompareta inatoa mraba, halafu pembetatu inapitishwa kwenye mtandao wa diodi inapindwa kidogo kidogo mpaka inafanana na sain, na ndo maana zilikuwa na maumbo matatu manne na huwezi kuziomba la tano.

Sasa kwenye kloki ndo penye utata kuliko sehemu zote, na hapa nitakaa.

Kuna njia mbili za kusoma jedwali. Ya kwanza inaitwa DDS (direct digital synthesis, yaani kutengeneza masafa moja kwa moja kwa namba), wazo lake lilichapishwa 1971 na Joseph Tierney, Charles Rader na Bernard Gold, na lilivyo rahisi linashangaza. Unakuwa na rejista kubwa, tuseme ya biti 32, kila kloki ikipiga unaiongezea namba fulani, ikijaa inarudi mwanzo na kuendelea, na zile biti zake za juu ndo zinatumika kama anwani ya kwenye jedwali. Ukiongeza namba kubwa rejista inajaa haraka, masafa yanapanda, ukiongeza namba ndogo inachelewa kujaa, masafa yanashuka. Hesabu yake ni masafa sawa na ile namba unayoongeza mara kasi ya kloki gawanya kwa 2 kipeo cha 32. Chipu inayojulikana sana ya AD9850 ikipewa kloki ya MHz 125 inaweza kusogeza masafa kwa hatua ya kama Hz 0.029, na hii ndo raha ya DDS, kloki haibadiliki kabisa, ni kasi moja ya kudumu ambayo filta yake inaweza kutengenezwa vizuri mara moja, na bado unapata masafa unayotaka karibu yoyote.

Lakini angalia kinachotokea kwenye jedwali lako. Tuseme mashine ina jedwali la nukta 4096 na inasoma sampuli milioni 100 kwa sekunde. Ukigawanya milioni 100 kwa 4096 unapata Hz 24,414 hivi, hayo ndo masafa pekee ambayo kila nukta inasomwa mara moja tu kwa kila mzunguko. Ukishuka mpaka kHz 1 kila nukta inarudiwa kama mara 24, haina madhara makubwa. Ukipanda mpaka MHz 1 mashine ina sampuli 100 tu kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo katika nukta zako 4096 inachukua moja, inaruka arobaini hivi, inachukua nyingine, kama mtu anayepanda ngazi mbio na kuruka vidato. Sasa kama ndani ya umbo lako kulikuwa na mwiba mwembamba wa nukta tatu, mwiba huo kwenye masafa ya karibu na MHz 1 yasiyogawanyika sawasawa kwa kloki unaweza kuonekana mzunguko huu, ukapotea mzunguko ujao, ukarudi baadaye, inategemea tu hatua zimeangukia wapi. Mtu anaona mwiba unamulika mulika kwenye oskiloskopu anadhani ni kebo. Sio kebo, ni nukta zinarukwa na hakuna ujumbe wowote wa kukuonya.

Kuna na tatizo la pili la DDS, mtetemo wa kingo, ambao mafundi wanauita jita. Kingo ya mraba au palsi uliyoichora inaweza kutoka tu pale kloki inapopiga, na kama masafa yako hayagawanyiki vizuri kwa kloki basi kingo inasogea sampuli moja mbele, sampuli moja nyuma, mzunguko kwa mzunguko. Kwa sampuli milioni 100 kwa sekunde hiyo ni nanosekunde 10. Kwa kujaribu amplifaya ya sauti hutaiona maisha yako yote, kwa kujaribu saketi ya dijitali yenye haraka itakuumiza. Sain yenyewe haisumbuki sana kwa sababu haina kingo, sampuli zikiangukia mahali tofauti thamani zake nazo zinakuwa ni za mahali hapo, filta ikipita juu yake inatoka safi, na ndo maana jenereta ileile inaweza kutoa sain nzuri sana ya MHz 10 halafu wimbi lako la kuchora la MHz 10 likawa takataka.

Njia ya pili ni kusoma nukta kwa nukta, hakuna kuruka hakuna kurudia, kila nukta mara moja, na kinachobadilika ni kasi ya kusoma. Hapa masafa ni kasi ya sampuli gawanya kwa idadi ya nukta, basi. Nukta 1000 kwa sampuli milioni 1 kwa sekunde ni kHz 1. Ukitaka kHz 2 kwa nukta zilezile kasi lazima iwe milioni 2. Ukifika kwenye kasi ya juu kabisa ya mashine na bado unataka masafa zaidi, huna njia nyingine isipokuwa kupunguza nukta, na mimi napenda hii maana inakulazimisha kuamua mwenyewe kipi kipotee. Keysight wanaiita Trueform, Siglent wanaiita TrueArb, kila kampuni na jina lake, kwa hiyo kabla hujaanza kuchora chochote tafuta kwenye mwongozo mashine yako inatumia njia gani, maana baadhi zina zote mbili na unachagua kwenye menyu, na kama imekaa kwenye DDS na wewe unawaza nukta kwa nukta hesabu zako zote zitakuwa sahihi na matokeo yatakuwa mabaya.

Halafu usidanganywe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye uso wa mashine. Ile MHz 20 au 60 ni ya sain. Agilent 33220A kwa mfano ni mashine ya MHz 20, lakini kwa mawimbi ya kuchora mwisho wake ni MHz 6, sampuli milioni 50 kwa sekunde, jedwali nukta 64 elfu hivi, DAC ya biti 14. Na hiyo MHz 6 yenyewe maana yake ni kwamba mashine itakubali kuseti, haimaanishi umbo lako litafika likiwa zima, maana kwa sampuli milioni 50 ukigawanya kwa MHz 6 unabaki na sampuli nane tu na kitu kwa mzunguko, na umbo gani la maana linachorwa kwa nukta nane? Umbo lolote lenye kona ni jumla ya sain nyingi, ya msingi na harmoniki zake, yaani sain za masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea, na kona kali ndo harmoniki za juu zenyewe. Ukitaka harmoniki ya kumi ya wimbi lako itoke basi njia nzima, sampuli, filta na amplifaya, ipitishe masafa mara kumi ya masafa yako. Kwa hiyo kwa kazi nyingi mimi nachukua upana wa bendi wa mashine nagawanya kwa kumi, nachukulia hapo ndo mwisho wa umbo lenye kona, na kama umbo ni laini naongeza kidogo.

Filta nayo ina tabia yake. DAC inashikilia kila namba mpaka ijayo ifike, kwa hiyo inatoa vingazi, na vingazi hivyo kwa upande wa masafa ni nakala za wimbi lako zilizojipanga kuzunguka kasi ya sampuli. Filta kazi yake ni kuua nakala hizo. Pia kule kushikilia kwenyewe kunapunguza masafa ya juu, ukifika nusu ya kasi ya sampuli kiwango kimeshuka mpaka asilimia 64 hivi, yaani karibu dB 3.9, ndo maana filta nyingi zinainua masafa ya juu kidogo ili kusawazisha. Shida ni kwamba filta kali ya kuua nakala ikipigwa na kingo ya ghafla inatoa mawimbi madogo kabla na baada ya kingo, yanaweza kuzidi kama asilimia 9 ya mruko wenyewe, jambo ambalo Henry Wilbraham aliliandika 1848 na Gibbs akalieleza tena 1899 na likabaki na jina la Gibbs. Kwa hiyo unachora mraba wa 0 mpaka 5 V na unaona 5.4 kwa muda mfupi. Mashine kama 33500B za Keysight zinakupa uchaguzi, filta ya kawaida ambayo ni bapa kwa masafa lakini inatikisika kwenye kingo, filta ya ngazi ambayo inapoteza masafa ya juu kidogo lakini kingo zinatoka safi, na kuzima kabisa. Umbo la mraba mraba tumia ile ya ngazi, umbo laini la toni nyingi, yaani sain kadhaa zilizojumlishwa, tumia ya kawaida. Nashangaa watu wanavyoipita hii menyu bila kuigusa wakati inaokoa muda mwingi.

Tumemaliza muda, twende kwenye volti.

Namba za kwenye faili kawaida ziko kati ya −1 na +1, au moja kwa moja kwa hesabu za DAC, kwa mfano −8191 mpaka +8191 kwa ile 33220A. Ukiseti amplitudo 5 V kilele kwa kilele, mashine inaelewa kwamba −1 ndo chini kabisa na +1 ndo juu kabisa na kati yao kuna 5 V. Sasa kama umbo lako umelichora kati ya 0 na 0.5 tu, utapata robo ya ulichoseti, 1.25 V, na juu ya hapo umetupa biti mbili za DAC, kutoka ngazi 16,384 umebaki na 4,096. Kwa hiyo tanua umbo lako lijaze nafasi yote kutoka −1 mpaka +1, halafu volti halisi uzilete kwa amplitudo na ofseti. Mtu aliyezoea kuandika volti halisi kwenye safu ya eksel hapa anapata tabu, anaandika 3.3 na programu inakata kila kitu kilichozidi 1, na ndo kile kilele kilichokatika tulichoanza nacho. Programu zingine zinatanua zenyewe bila kukuuliza, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi kwa sababu ukipakia mafaili mawili yenye vimo tofauti yote yanatoka na kimo kimoja na ulinganisho wako umekufa.

Halafu ile 50 omu ya mwisho. Jenereta inadhani umeunganisha mzigo wa 50 omu, kwa hiyo ukiomba 1 V inatengeneza 2 V ndani ikijua nusu itaishia kwenye rezista yake. Ukiunganisha oskiloskopu ya megaomu 1 unaona 2 V. Hakuna kilichoharibika, nenda kwenye menyu ya mzigo uiambie ni Hi-Z (mzigo wa upinzani mkubwa) na namba zitalingana. Ila kama ulikuwa unatuma palsi za 0 mpaka 5 V kwenye mguu wa maikrokontrola, zikifika 0 mpaka 10 V mguu huo unaweza usiwepo tena. Kabla ya kuunganisha kitu chochote unachokipenda pima kwanza kwa oskiloskopu, kila mara, hata kama jana ulipima.

Umbo lenyewe unalipataje? Njia ni nyingi, kuna kuchora nukta kwa nukta kwenye kioo cha mashine ambako kunachosha na kunafaa kwa maumbo ya mistari michache, kuna programu za watengenezaji, Siglent wana EasyWave, Tektronix wana ArbExpress, kuna kunasa ishara halisi kwa oskiloskopu na kuihamisha, na kuna kuandika hesabu kwenye eksel au Python. Mimi naegemea hesabu karibu kila mara, kwa sababu faili lililotoka kwenye hesabu unajua kila nukta imetoka wapi na kesho ukitaka kubadili kitu unabadili mstari mmoja. Kunasa kwa oskiloskopu kuna utamu wake, unapata ishara ya kweli na makunyanzi yake yote, ila kumbuka oskiloskopu nyingi ni za biti 8, yaani ngazi 256, na kelele yake nayo inanaswa na kuchezwa tena kama sehemu ya ishara.

Njia yoyote utakayotumia kuna mahali pamoja pa kuangalia sana, ni kiungo cha mwisho na mwanzo. Mashine ikifika nukta ya mwisho inarudi ya kwanza bila kusubiri, kwa hiyo kwa mashine umbo lako ni duara. Kama mwisho uko juu na mwanzo uko chini una mruko kila mzunguko, na mruko huo unamwaga harmoniki kila mahali. Ule wa kujificha zaidi ni wa sain: unataka nukta 1000, unaandika kutoka 0 mpaka digrii 360 ukijumlisha na 360 yenyewe. Lakini 360 ndo 0 ya mzunguko unaofuata, kwa hiyo nukta hiyo inasomwa mara mbili na kunakuwa na kibapa kidogo pale. Kwa macho huoni kitu, kwa kipimo cha masafa kinaonekana vizuri. Nukta ya mwisho iwe hatua moja kabla ya 360. Kwenye Python ile linspace ya numpy kwa kawaida yake inajumlisha mwisho, inabidi uiambie endpoint=False.

Kwa toni nyingi sharti la kiungo linakuwa kali zaidi, kila toni lazima iwe na mizunguko kamili ndani ya jedwali. Unataka kHz 1 na kHz 1.1 pamoja, basi tafuta kigawo kikubwa cha shirika, ambacho ni Hz 100, jedwali lako ni la milisekunde 10, ndani yake kuna mizunguko 10 ya toni moja na 11 ya nyingine. Na kwenye mashine masafa unayoseti ni Hz 100, sio kHz 1. Hapa wengi wanateleza, wanaseti kHz 1 kwa sababu ndo toni yao, halafu zinatoka kHz 10 na kHz 11, kwa sababu masafa ya mashine ni ya jedwali zima, na jedwali halijui ndani yake kuna toni ngapi. Jambo lingine la toni nyingi ni fezi, yaani kila toni inaanzia wapi kwenye mzunguko wake. Toni kumi za kimo sawa zote zikianza kileleni pamoja zinajenga kilele cha mara 10 ya toni moja, wakati ukubwa wake kwa RMS (wastani unaoonyesha nguvu ya ishara) ni mara 2.24 tu ya kilele cha toni moja, kwa hiyo DAC yako inatumika kwa mwiba mmoja mrefu na sehemu nyingine zote ziko chini zinakaribia kelele. Manfred Schroeder alitoa 1970 fomula ya kupanga fezi, fezi ya toni namba k ni −π mara k mara (k−1) gawanya kwa idadi ya toni, na uwiano wa kilele kwa RMS unashuka kutoka karibu 4.5 mpaka chini ya 2. Ni mstari mmoja wa kodi na unakupa ishara kubwa mara mbili na zaidi kwa volti zilezile.

Sasa mfano mmoja mpaka mwisho, na nimechagua sensa ya kranki ya gari, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini, kwa sababu ina kila kitu ndani yake. Unataka kujaribu kompyuta ya injini mezani bila injini. Gurudumu la meno 60 ambalo meno mawili yameondolewa, linabaki na meno 58 na pengo, na hilo pengo ndo linaiambia kompyuta kranki iko wapi. Tuseme sensa ni ya Hall, inatoa 0 au 5 V.

Mzunguko mmoja wa kranki unakuwa jedwali moja. Nukta ngapi? Namba inayogawanyika kwa 60, nachukua 6000, kila jino lina nukta 100, hamsini ni +1 na hamsini ni −1, unarudia mara 58, halafu nukta 200 za −1 kwa ajili ya pengo, jumla 6000 kamili. Kama mashine yako inalazimisha 4096 na inatanua au kubana umbo yenyewe, kila jino linapata nukta 68.27, maana yake meno mengine yatakuwa na nukta 68 na mengine 69, tofauti ya kama asilimia 1.5 kati ya jino na jino. Kompyuta nyingi za injini zinalinganisha muda wa jino hili na lililopita ili kulitambua pengo, na pengo linatofautiana kwa mara mbili na zaidi kwa hiyo litatambulika, lakini kama kazi yako ni kujaribu kipimo cha injini kukosa kuchoma, ambacho kinaangalia tofauti ndogo ndogo za kasi, hiyo asilimia 1.5 ni uongo unaouingiza mwenyewe kwenye jaribio.

Muda: jedwali moja ni mzunguko mmoja, kwa hiyo masafa ni rpm gawanya kwa 60. Rpm 900 ni Hz 15, rpm 3000 ni Hz 50, rpm 6000 ni Hz 100, ambayo kwa nukta 6000 inataka sampuli laki sita kwa sekunde, kazi nyepesi kwa mashine yoyote ya leo. Zungusha kinobu cha masafa na injini yako ya mezani inaongeza kasi. Volti: amplitudo 5 V, ofseti 2.5 V, mzigo Hi-Z, filta ya ngazi.

Ukitaka kuongeza sensa ya kemshafti (shafti inayofungua valvu) kwenye chaneli ya pili ndo utaona kwa nini kufikiria jedwali kwanza kunalipa. Kwenye injini ya mipigo minne kemu inazunguka mara moja wakati kranki inazunguka mara mbili. Ukiacha jedwali la kranki la mzunguko mmoja na la kemu la mzunguko mmoja itabidi chaneli mbili ziwe na masafa tofauti, moja nusu ya nyingine, na kila ukigusa kinobu zinaweza kupishana fezi. Badala yake tengeneza la kranki la mizunguko miwili, nukta 12,000, mapengo mawili, na la kemu nukta 12,000 pia, chaneli zote masafa sawa, rpm gawanya kwa 120, yaani Hz 7.5 kwa rpm 900. Funga masafa ya chaneli mbili pamoja kwenye menyu, bonyeza kulinganisha fezi, na uhusiano wao umeshaandikwa ndani ya mafaili hautoki tena.

Sensa ya sumaku isiyo na umeme wake ni habari nyingine kidogo. Yenyewe inatoa kitu kama sain kwa kila jino, na volti zake zinapanda kasi ya kranki ikipanda. Umbo unaweza kuliandika vizuri, ila kupanda kwa volti hakumo kwenye faili na hakuwezi kuwemo ukiwa na jedwali la mzunguko mmoja, kwa sababu tulishasema faili halina volti. Utaongeza amplitudo kwa mkono kila ukiongeza masafa, au uandike programu ya kompyuta iseti vyote viwili kwa pamoja. Na injini inayobadili kasi katikati ya mzunguko, kama wakati wa kuwashwa ambapo kranki inapunguza mwendo kila pistoni inapokandamiza, hiyo inataka jedwali refu lenye meno ya upana tofauti, na hapo ndo utazithamini mashine zenye memori ya mamilioni ya nukta.

Kupakia sasa. CSV, faili la maandishi lenye namba zilizotenganishwa kwa mkato, ndo rahisi, lakini kila mashine ina vichwa vya habari vyake kwenye mistari ya juu, kwa hiyo mbinu ninayoiamini ni kuhifadhi kwanza wimbi lolote kutoka kwenye mashine yenyewe kwenda kwenye flashi, kulifungua kwa programu ya maandishi, kisha kubadilisha namba tu na kuacha mengine yote kama yalivyo. Angalia pia kompyuta yako isiwe inatumia mkato badala ya nukta kwenye desimali, mashine itasoma 0,5 kama namba mbili.

Kwa kebo ya USB au mtandao unatumia amri za SCPI, lugha ya maandishi ya kuamuru vifaa vya upimaji, ambazo zimekuwa za pamoja tangu 1990. Kwa 33220A unaandika DATA VOLATILE na namba zako zikifuatana kwa mkato, halafu FUNC:USER VOLATILE, halafu FUNC USER. Kwa namba chache inatosha, kwa maelfu ni taratibu kwa sababu kila namba inatumwa kama maandishi, hapo tumia DATA:DAC na bloku ya baiti. Bloku inaanza na alama ya #, halafu tarakimu moja inayosema urefu una tarakimu ngapi, halafu urefu wenyewe, kwa hiyo nukta 4000 za baiti mbili mbili zinaanza na #48000. Ukikosea hapo mashine inaganda ikisubiri baiti ambazo haziji. Na kama umbo limetoka kama kelele tupu wakati data ni sahihi, shuku mpangilio wa baiti kwanza, kompyuta nyingi zinaweka baiti ndogo mbele na mashine inategemea kubwa mbele, amri ya FORM:BORD SWAP inamaliza hilo.

Jina hilo VOLATILE lichukulie kama lilivyo. Ukizima mashine wimbi limeondoka. Kwa 33220A unatumia DATA:COPY na jina ulilochagua, na ina nafasi nne tu za kudumu, kwa hiyo faili asili, pamoja na kodi iliyolitengeneza na yale yasiyomo ndani ya faili, masafa, amplitudo, ofseti, mzigo na filta, yaandike yote mahali pamoja kwenye kompyuta, hata kama ni mistari mitano kwenye faili la maandishi lenye jina lilelile.